Asili ya Motokaa ya Sokoro

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni ya watu wa pwani, waliozoea kuona majahazi juu ya maji na kumkumbuka fundi aliyezipiga mbao misumari. Mimi nilizaliwa Gesima, katika nchi ya milima, migomba na majani ya chai, mbali na bahari. Nikajifunza maana ya methali hiyo mbele ya chombo ambacho hakikuelea kamwe, na ambacho kwa muda wa miaka thelathini hakikuwa kimesogea hata hatua moja. Chombo hicho kilikuwa motokaa ya babu yangu. Nakuomba, msomaji, unipe nafasi nikusimulie jinsi nilivyoitafuta asili yake. Maana katika kuitafuta nilikaribia kutenda jambo ambalo ningelijutia mpaka leo.

Motokaa hiyo ilikaa chini ya mparachichi, nyuma ya nyumba ya baba mkubwa. Magurudumu yake yalikuwa yamezama katika udongo. Sehemu yake ya nyuma ilikuwa sanduku la mbao, na mbao hizo zilikuwa zimeliwa na mchwa hata ukizigusa zinamomonyoka kama mkate mkavu. Kuku walitaga mahali pa dereva. Kila chuma kilikuwa chekundu kwa kutu, isipokuwa kitu kimoja: ukingo uliozunguka rejeta mbele ya motokaa. Huo uling'aa. Mvua ya Gesima, ambayo haimwonei huruma mtu wala mabati, ilikuwa imeunyeshea miaka yote bila kuuharibu. Sisi watoto tulijitazama humo kama katika kioo, tukacheka kuona nyuso zetu zimerefuka.

Babu, ambaye kwa Ekegusii tulimwita Sokoro, alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mlowezi upande wa Sotik. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashamba kadhaa ya walowezi katika Borabu na mipaka yake yalinunuliwa na serikali na kugawiwa wakulima wa Kigusii. Mzungu yule alifunga mizigo yake akaenda zake, na kwa habari za Sokoro, alimwachia motokaa kuukuu badala ya mshahara wa miezi aliyokuwa akimdai. Sokoro aliiendesha miaka michache, akachukua wagonjwa na magunia mpaka Keroka na Kisii, hata siku ilipokataa kuondoka. Hakukubali iuzwe. Wageni walipomwuliza imetoka wapi, alijibu kwa majivuno, "Imetoka Detroit, katika mikono ya Ford mwenyewe."

Lakini penye majivuno hapakosi minong'ono. Walikuwako majirani waliosema kwamba hakuna Mzungu aliyempa mtu motokaa bure, na kwamba dereva aliichukua usiku wakati bwana wake alipokwisha kuondoka. Maneno hayo hayakusemwa mbele ya Sokoro alipokuwa hai. Alipokufa, yalisemwa polepole, na jamaa zake waliyasikia.

Sasa nije kwenye mwaka 1998. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nami nilikaa nyumbani bila kazi nikingoja mambo ya mbele. Binti wa baba mkubwa alikuwa ameitwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni, na karo haikuwako. Katika majuma hayohayo wakaja wageni wawili. Wa kwanza alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye mizani mkononi, ambaye alitaka kuikata motokaa vipande na kuilipia kwa kilo. Wa pili alikuwa bwana mmoja kutoka Nairobi, mpenzi wa magari ya zamani. Huyu aliizunguka motokaa mara tatu, akapiga magoti, akatoka na vumbi usoni na furaha machoni. Alitaja bei ambayo ingelipa karo ya miaka miwili. Hata hivyo aliweka sharti moja: alitaka gari la Kimarekani halisi, lililotoka kiwandani Detroit. Kama tungeweza kumthibitishia hilo, angerudi na fedha mwisho wa mwezi wa pili tangu siku ile.

Baba mkubwa aliniita jioni. "Mwanangu," akasema, "wewe umesoma. Sokoro wako alisema Detroit. Nenda ukaitafute hiyo Detroit ndani ya chuma hiki."

Ndivyo kazi yangu ilivyoanza. Nilidhani kwamba ingekwisha kwa siku moja, kwa sababu mbele ya rejeta palikuwa na jina la Ford, na mtu mwenye jina amejulikana. Nilikosea. Jina hukuambia ukoo. Halikuambii nyumba aliyozaliwa mtu. Sisi Wagusii, mgeni akija, hatuishii kumwuliza jina lake; twamwuliza baba yake, babu yake na mlango wake. Ilinipasa kuihoji motokaa namna hiyohiyo.

Mwalimu wangu wa historia aliniazima kitabu, nami nikajifunza mambo ya mwanzo. Henry Ford alianzisha kampuni yake Detroit mwaka 1903. Mwaka 1908 alileta motokaa iliyoitwa Model T, na mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, alibadili namna ya kuunda. Zamani motokaa ilisimama mahali pamoja na mafundi wakaizunguka. Sasa mafundi walisimama na motokaa ikawapitia ikivutwa, kila mmoja akifunga kitu kimoja tu, huyu parafujo, yule gurudumu. Kazi ya kuunganisha motokaa moja, iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12, ikawa ya saa moja na nusu hivi. Model T zilizoundwa mpaka mwaka 1927 zilifika milioni 15. Kisha Ford akaifunga kazi hiyo, akaleta nyingine iliyoitwa Model A, ambayo iliundwa mpaka miaka ya 1931 na 1932. Hiyo ilikuwa na silinda 4 na nguvu za farasi 40. Tangi lake la petroli lilikaa mbele ya dereva, juu kuliko injini, hata mafuta yakateremka yenyewe kama maji ya kijito. Nilikimbia kuitazama motokaa yetu. Tangi lilikuwa palepale. Ilikuwa Model A.

Lakini ya mwaka gani? Kitabu kilisema kwamba Model A za miaka ya 1928 na 1929 zilikuwa na magurudumu ya inchi 21, na za 1930 na 1931 zilikuwa na magurudumu ya inchi 19. Nilichukua utepe wa kupimia wa mama, ambaye alikuwa mshonaji, nikapima kipenyo pale tairi lilipokaa. Nilipata inchi 19. Tena kitabu kilisema kwamba tangu mwaka 1930 Ford alitengeneza ukingo wa rejeta na taa za mbele kwa chuma kisichoshika kutu. Hapo ndipo nilipofahamu siri ya kioo chetu cha utotoni. Msomaji, siwezi kukueleza furaha ya siku ile. Jambo nililokuwa nikiliona kila siku tangu kuzaliwa, bila kuliuliza, lilikuwa limebeba jibu usoni mwake.

Habari za mwaka nilikuwa nazo. Habari za kiwanda sikuwa nazo. Marekani kuna vyama viwili vikubwa vya wapenzi wa Model A, kimoja kilianzishwa mwaka 1952 na kingine mwaka 1955. Niliandika barua kwa wapenzi hao, nikaipeleka posta ya Keroka kwa miguu, nikangoja. Juma la saba likaja jibu kutoka kwa mzee mmoja aliyeandika kwa mkono uliotetemeka. Hakutaka fedha. Alisema kwamba nisiangalie jina la mbele, bali nitafute namba. Upande wa kushoto wa injini, juu kidogo ya mahali maji yanapoingilia, pana sehemu iliyoinuka na kusawazishwa, na hapo kiwanda kiligonga namba kwa nyundo. Ikiwa namba yatanguliwa na herufi A peke yake, injini ni ya Marekani. Ikiwa yatanguliwa na herufi CA, injini ni ya Kanada. Aliongeza maneno mawili ya tahadhari. La kwanza, injini yaweza kubadilishwa, basi nitafute na dalili nyingine. La pili, nisiamini mtu yeyote asemaye kwamba Model A ni gari adimu duniani, maana ziliundwa zaidi ya milioni 4.

Nilichukua mafuta ya taa, brashi ya waya na kitambaa. Nilisugua asubuhi nzima. Kutu ilitoka kama unga wa wimbi, kisha ikatokea alama, kisha tarakimu, moja baada ya moja. Mwisho nilifika kwenye herufi. Niliona A, moyo wangu ukaruka. Nikasugua tena kushoto kwake kidogo, na pale, hafifu lakini dhahiri, palikuwa na C.

Nilikaa chini katikati ya kuku. Nilitafuta namna ya kuikana ile herufi, nisiipate. Usukani wa motokaa yetu ulikuwa upande wa kulia, jambo ambalo si desturi ya Marekani. Hiyo peke yake ilikuwa dalili tu, maana viwanda vya Marekani navyo viliweza kuunda magari ya usukani wa kulia kwa wateja wa nchi za nje. Lakini barua ya yule mzee ilikuwa na ukurasa wa pili, na ukurasa huo ulifunga mlango. Mwaka 1904, yaani mwaka mmoja tu baada ya kampuni ya Detroit kuanzishwa, Gordon McGregor, aliyekuwa na kiwanda cha mikokoteni, alipatana na Ford na kuanzisha Ford ya Kanada, mahali paitwapo Walkerville, ambapo leo ni sehemu ya mji wa Windsor. Katika mapatano hayo kampuni ya Kanada ilipewa haki ya kuuza magari ya Ford katika makoloni ya Mwingereza. Kenya ilikuwa koloni la Mwingereza. Basi mashahidi wakawa watatu: herufi, usukani na mkataba, nao walisema neno moja.

Nilitazama ramani ya mwalimu. Windsor na Detroit zimetengwa na mto tu. Mtu akisimama ng'ambo hii huona majengo ya ng'ambo ile, na katika miaka ya kwanza vipande vya magari vilivushwa kwa vivuko kutoka Detroit ili vikaunganishwe Walkerville. Sokoro hakuwa mwongo. Alirudia maneno aliyoambiwa, naye alikosea kwa upana wa mto mmoja. Lakini bwana wa Nairobi hakuwa akinunua upana wa mto. Alikuwa akinunua Detroit, na binti wa baba mkubwa alikuwa akingoja karo.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kukificha kisa hiki, lakini insha isiyosema kweli ya mwandishi wake haina faida kwa msomaji. Nilikuwa na rafiki aliyefanya kazi katika gereji moja mjini Kisii. Nilimweleza shida yangu. Alicheka, akafungua sanduku lake, akanipa tupa ndogo nyembamba. "Herufi moja tu," akasema. "Ifute C, ibaki A. Paka mafuta machafu juu yake na vumbi kidogo. Nani atajua?"

Niliificha tupa ndani ya koti. Njia nzima nilijitetea moyoni. Nilijiambia kwamba gari ni lilelile, chuma ni kilekile, na jina la Ford ni lilelile. Nilijiambia kwamba mnunuzi ni tajiri, na kwamba msichana akikosa shule hasara yake ni kubwa kuliko ya tajiri aliyekosewa herufi. Hoja hizo, msomaji, hazikuwa mbaya zote. Uovu mara nyingi huazima nguo za wema ili upite mlangoni.

Usiku ule nilimweleza baba mkubwa. Nilimwonyesha barua, kisha nikaweka tupa mezani karibu na taa. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza, "Watu wanasema nini juu ya Sokoro?"

Nilisita. "Wanasema, Tata, kwamba aliiba."

"Nawe wajua aliiba au hakuiba?"

"Sijui, Tata. Namba haisemi."

"Hata mimi sijui kwa macho yangu," akasema. "Mimi najua neno lake tu. Lakini najua jambo hili: motokaa ya halali haifutwi namba. Anayefuta namba ni mwizi wa motokaa. Kama Sokoro hakuwa mwizi, wewe kesho asubuhi utamfanya mwizi kwa tupa hii, na wale wanaonong'ona watakuwa wamesema kweli."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimefikiri kwamba ninafuta herufi ya kiwanda. Kumbe nilitaka kuandika neno juu ya kaburi la babu yangu. Baba mkubwa aliichukua tupa, akaitia mfukoni, akaniambia niende nikalale. Asubuhi alinituma niirudishe gereji.

Bwana wa Nairobi alirudi kama alivyoahidi. Baba mkubwa alimkaribisha kwa chai, akamwongoza mpaka chini ya mparachichi, akamwonyesha herufi mbili kwa ncha ya fimbo yake. Hakuacha jambo. Alimwambia kwamba injini ilitoka Kanada, kwamba motokaa za namna hii ziliundwa mamilioni, na kwamba sanduku la mbao la nyuma halikutoka ng'ambo hata kidogo. Maana hilo nalo nilikuwa nimelijua: walowezi wengi waliagiza fremu na injini tu, kisha mafundi wa hapa Kenya, wengi wao Wahindi, wakajenga juu yake sanduku la mbao la kuchukulia watu na mizigo. Mgeni alisikiliza, akashukuru kwa adabu, akasema kwamba hakuja kutafuta Kanada. Aliondoka, wala hakurudi tena.

Usingoje, msomaji, nikuambie kwamba fedha zilitoka mahali pengine kwa sababu tulisema kweli. Hazikutoka. Baba mkubwa aliuza ng'ombe wa maziwa, aliyekuwa tegemeo la nyumba, na yule binti alifika shuleni majuma mawili baada ya wenzake. Mwaka ule tulikunywa chai ya rangi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja tena na mizani yake, akaambiwa kwamba motokaa haiuzwi.

Tangu siku hizo nimefikiri sana juu ya neno asili. Nilipoanza nilidhani kwamba kitu huwa na asili moja, kama mto wenye chemchemi moja. Motokaa ya Sokoro ilinifundisha vingine. Fikira zake zilitoka Detroit. Injini yake ilipigwa namba Kanada. Ilivuka bahari, ikashuka pwani ya Kenya, ikajengewa sanduku la mbao na mafundi wa huku. Springi yake moja ilivunjika njiani ikaungwa na mhunzi wetu. Mwisho ilipewa neno la Sokoro, na neno hilo ndilo lililoitunza kuliko rangi. Ukiniuliza leo imetoka wapi, sitakujibu kwa neno moja, bali nitakuomba ukae.

Nawe, ndugu yangu unayesoma, una vitu vilivyokuzunguka ambavyo hujaviuliza: cherehani ya mama, saa ya ukutani, kengele ya shule, jembe. Tafuta alama iliyogongwa penye kutu. Usitosheke na jina la mbele. Usitosheke na shahidi mmoja, hata akiwa babu yako umpendaye. Na ukipata jibu usilolitaka, liache lilivyo, kwa kuwa alama ya fundi si mali yako kuifuta; wewe umekuja nyuma yake.

Nilipokwenda Gesima mara ya mwisho, mparachichi ulikuwa umezeeka na mbao za motokaa zilikuwa zimekwisha kabisa. Ukingo wa rejeta bado wang'aa. Nilifungua boneti, nikatia mafuta kidogo kwenye kitambaa, nikapangusa upande wa kushoto wa injini. C na A zote mbili zasomeka.